Pipa Lililokatazwa Kutunzwa

Jumamosi moja ya mwaka 1976, Dadi alifika barazani pa Haji, muuza kahawa, akipunga gazeti. Dadi tulimwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Haji tulimwita Kashata.

"Sikilizeni! Lile pipa la chuma la Mzungu, linalojaribiwa kufua umeme kwa mawimbi, limekaa majini mwaka mzima bila kutu wala kome! Wataalamu wanasema bahari ya Bagamoyo haili chuma!"

Mwishehe, mlinzi wa pipa hilo, maarufu kwa jina la Kalafati kwa kuwa zamani aliziba nyufa za majahazi, alipaliwa na kahawa.

"Haili chuma? Nami nalikwangua kome kila bamvua, maji yakipwa, hata kucha zimeniisha!"

Kikombe cha Redio kikasimama hewani. "Umelikwangua?"

"Nikalipaka na sifa, mafuta safi ya papa. Viungo nikavisindilia pamba. Lilikuwa likivuja kama pakacha!"

"Ole wako! Uliambiwa usiliguse! Walitaka kujua litaoza baada ya muda gani!"

"Nilidhani mzaha. Nani aweke chombo majini akitazame kikioza?"

"Wasomi."

"Basi wamesoma wakapitiliza."

"Na leo Mzungu anakuja utie saini kwamba hukuligusa. Wakiunda mapipa mia kwa neno lako, yakazama?"

Mwishehe akavua kofia, akaikunja. "Uongo siutii saini. Kazi na iende."

Gari likasimama. Yule mtaalamu wa Kizungu alipoteremka, Mwishehe akakiri yote. Yule bwana akalinusa daftari lake la vipimo, akaketi vumbini.

"Kumbe! Nami nimeandika kwamba mawimbi yenu yananuka papa."

Akainuka, akasema: "Tutaanza upya, mwaka mwingine. Endelea kulilinda, Mzee Mwishehe, ila liache lioze."

"Lioze mkononi mwangu, wakwe zangu wakipita ufukweni? Tafuta mwingine, bwana."

Mtaalamu akamtazama Redio.

"Mimi? Marehemu baba aliunda majahazi! Atafufuka anizabe kofi."

Haji akafuta mikono. "Nipe mimi. Muuza kahawa hana aibu ya baharini. Sitaligusa, wallahi!"

"Hongera, Kashata," akasema Redio. "Mji mzima utauliza: lile pipa bovu la nani? Nasi tutajibu: la Kashata."

Haji akacheka, akamfuata mtaalamu garini. Hakumaliza hatua kumi. Alirudi mbio, akamwinamia Mwishehe sikioni.

"Kalafati, lile debe la sifa umeliweka wapi?"