Dubu wa Padri Adamu

Jumatatu, 3 Machi
Mvua. Chumba cha kumbukumbu cha kanisa kuu kinavuja tena. Rejista ya Askofu Radulf, yenye umri wa karibu miaka mia saba, imehamishiwa juu ya kabati la vikombe. Chama chetu cha historia kinataka kuichapa iwe kitabu kabla haijaoza, lakini wanunuzi hawapatikani. Mwenyekiti, Kasisi Tunstall, amesema watu wasipoagiza nakala za kutosha mwezi huu, kazi inasimama. Akaongeza kwamba Winifred Oldroyd, ninayeinakili naye, humaliza kurasa tatu mimi nikihangaika na nusu. Hakukuwa na haja ya kuongeza hilo.

Jumanne, 4 Machi
Ushindi. Katika ukurasa wangu wa leo, Padri Adamu wa Thornby ameshtakiwa kwa askofu kwa kuweka ursa kanisani. Kwa Kilatini, ursa ni dubu. Nimempigia mwandishi wa gazeti la wilaya kabla sijavua miwani. Winifred sikumwambia. Atasoma gazetini kama watu wengine.

Alhamisi, 6 Machi
Dubu yuko ukurasa wa mbele. Maagizo yanamiminika. Akina mama wa Thornby wanaoka biskuti zenye umbo la dubu. Winifred kaniuliza kwa upole dubu huyo alifugwa wapi hasa. Nikamsomea: ndani ya kasha. Akauliza dubu anaeneaje kwenye kasha. Nikasema alikuwa mdogo. Akaomba ukurasa wenyewe. Sipendi akiomba kurasa.

Ijumaa, 7 Machi
Winifred kauinua ukurasa dirishani. Mbele ya neno langu pana tundu. Panya wa zama hizo alikula herufi moja. Si ursa, ni bursa. Mkoba. Padri Adamu alificha mkoba wa sadaka, basi. Nikashauri tumwachie panya siri yake.
“Alwyn,” akasema, “umefundisha watoto Kilatini maisha yako yote, leo unataka kumsingizia marehemu dubu?”
Kesho ni zamu yake kuwahutubia watu wa Thornby kuhusu rejista. Pai yangu ya nyama imenishinda, nimempa paka.

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi ulifurika. Nilikaa karibu na mlango, koti mwilini. Winifred akasimama, akawaambia bila kuzunguka kwamba hapakuwa na dubu, mwenzetu alisoma vibaya. Minong'ono. Mama wa biskuti akanigeukia na sinia lake.
“Lakini jamani, semeni kweli,” Winifred akaendelea. “Nani hapa angetoka kwenye mvua hii kuja kusikia habari za mkoba?”
Wakacheka. Mzee mmoja wa nyuma akauliza kama padri aliurudisha. Winifred akamjibu anunue kitabu ajionee. Wakapanga foleni. Kitabu kitachapwa, na jina langu litakaa kando ya lake. Amelidai yeye mwenyewe kwa Tunstall. Nikachukua biskuti ya dubu kwenye sinia. Nikaitafuna nikiangalia ukutani.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwahidi Winifred kwamba hakuna neno litakalotoka nje kabla hajalipitia yeye. Nilimaanisha. Mtu mzima hujirekebisha.
Baada ya hapo nikafungua ukurasa mpya. Watawa wa Holme wamekemewa kwa kuficha nyangumi bwenini. Wino umefifia kidogo, lakini nyangumi yuko wazi kabisa. Winifred kaenda kuchemsha maji ya chai. Mwandishi wa gazeti kapokea simu mara moja.