Spiriti Ndani ya Gari la Harusi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Leo Griffin, dereva mwenzangu pale stendi ya teksi Diani, amefungua boneti akatuonyesha kidude kipya. Kipima ethanoli! Kinakaa kwenye mpira wa mafuta, kinaonja kama kinachopita ni petroli au spiriti ya miwa, kisha kinaiambia kompyuta ya gari imwage mafuta kiasi gani. Madereva wote wameinama kutazama kama wanaoaga maiti. Griffin akasema, "Wasee, hii ikikula spiriti inatoka mbio kama imeiba kuku."

Mtu wa kuja huyu! Juzi tu ameshuka Pwani na kibegi, leo ndiye mwalimu wetu.

Nimerudi nyumbani sina raha. Nyumba yenyewe baridi. Mke wangu Mwanapili yuko kwao Mwabungo tangu mashine niliyoibuni ya kutotolea vifaranga ilipoyachemsha mayai yake yote.

Lakini ipo heri. Jumamosi mdogo wake anaolewa, na baba mkwe, Mzee Matano, amekubali gari langu limpeleke bibi harusi kwa mumewe Msambweni. Mwanapili ameniambia kwa simu kwamba siku hiyo ikipita salama, atarudi. Ameniambia pia nisiguse kitu chochote kwenye gari. Masikini, hajui gari la harusi linatakiwa liingieje kwa watu. Linatakiwa lingurume!

Jumanne, 4 Novemba

Kidude changu, nilichoagiza jana usiku, kimefika kutoka Mombasa. Kizuri! Kidogo kama kiberiti, kina nyaya tatu.

Nimekipeleka kwa Salimu, fundi wa umeme wa magari pale Ukunda. Ameniuliza kompyuta ya gari langu nitaifundisha lini kukisikiliza. Nikamwambia kidude chenye akili hakihitaji kufundishiwa wenzake. Akasema kukifunga bila kuifundisha kompyuta ni kumnong'oneza kiziwi, na kwamba Griffin alifundishiwa lake kwa mashine maalumu, siku nzima. Ameniomba nisubiri wiki mbili, mashine hiyo aazime.

Wiki mbili! Bibi harusi atakuwa ameshachoka na mumewe. Nitafunga mwenyewe.

Jumatano, 5 Novemba

Nimefunga mwenyewe. Nimekata mpira wa mafuta, nikapachika kidude, nikakaza. Petroli imenimwagikia mpaka kwapani.

Waya wa kwanza, kwenye moto wa betri. Wa pili, kwenye bodi ya gari. Wa tatu ndio wa kupeleka habari kwenye kompyuta. Nimezunguka nao saa nzima, sijaona pa kuuingiza. Basi nimeuviringisha tepu na kuuficha nyuma ya betri. Habari zikiwa nzuri zitafika zenyewe.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata madumu ya spiriti kwa jamaa mmoja upande wa mashamba ya miwa. Nimemimina kidogo juu ya petroli. Gari limewaka! Nimekwenda nalo hadi Galu na kurudi, halikusema kitu. Nimempita Griffin nikampigia honi. Akanipungia mkono. Wivu tu huo.

Kama kidogo kinafanya hivi, je, tangi zima? Nimemimina madumu yote isipokuwa moja. Hilo la akiba nimeliweka chumbani, jua lisiliharibu.

Ijumaa, 7 Novemba

Msiba!

Kanzu yangu ya Ijumaa ililala imetundikwa juu ya dumu. Sikujua. Mtu anaizoea harufu ya nyumba yake. Nimeingia msikitini, nikajipanga kwenye safu. Jirani wa kulia akasogea. Wa kushoto akasogea. Nikabaki peke yangu kama mlingoti. Tulipotoka, nikamkuta baba mkwe kwenye viatu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba huku ameziba pua kwa leso.

Mwanapili amepiga simu kabla sijafika nyumbani. Ameuliza neno moja tu, kama ni kweli. Nimemwambia sinywi mimi, linakunywa gari. Kisha akasema baba yake atapanda mbele, pamoja nami, kesho.

Jumamosi, 8 Novemba

Sijui niandike nini.

Asubuhi gari limekataa kuwaka, kisha likawaka kwa kikohozi. Limefika Mwabungo limevikwa maua. Bibi harusi amekaa nyuma, Mwanapili kulia kwake, mama mkwe kushoto. Vigelegele! Nimefurahi kwa muda wa kufika barabara kuu.

Tulipofika Kinondo gari likaanza kuruka kama mbuzi. Wimbo wa akina mama ukawa unakatika vipande vipande. Pale Gazi likazimika kabisa. Jua la utosini. Bibi harusi amefunikwa mavazi mazito, wanja unamshukia mashavuni. Nimefungua chujio la mafuta: tope jeusi. Spiriti imeuosha uchafu wote wa tangi, miaka na miaka, na kuuleta mbele. Baba mkwe akainama kando yangu. Akauvuta waya wenye tepu, akaniuliza unakwenda wapi. Nikasema hauendi popote.

Ndipo akatokea Griffin, anarudi kutoka kuwashusha wageni Shimoni. Akageuza gari bila kuambiwa, akamshika bibi harusi mkono, akawapakia wanawake watatu na maua yangu juu. "Pole sana, bro," akaniambia. Kwa upole wa kweli! Hilo ndilo limeniua. Wameondoka wakimwimba Griffin, sauti ya Mwanapili imo. Sijui kama alikuwa akicheka au akilia.

Kiti cha mbele kilijaa mizigo ya bibi harusi, kwa hiyo baba mkwe amebaki nami. Tumekaa juu ya jiwe. Akaniambia, "Mwero mwanangu, heri ungekuwa unakunywa. Mlevi kukicha huzindukana."

Jumapili, 9 Novemba

Nimelala kutwa. Kundi la madereva kwenye simu limejaa picha za Griffin na bibi harusi. Kuna mmoja kaandika hongera bwana harusi.

Jumatano, 12 Novemba

Amerudi! Mwanapili amerudi, na sanduku lake!

Anasema baba yake alimkalisha, akamweleza kwamba mumewe si mlevi, ni mjinga, na kwa ujinga hakuna kadhi anayevunja ndoa. Anasema aliposimuliwa habari za ule waya alicheka mpaka akaumwa ubavu, na mtu huwezi kumcheka hivyo halafu ukamwacha. Nikalia. Nimelia kweli, mlangoni, majirani wakiona.

Ameweka sharti. Kidude kitoke. Nimekitoa mbele yake. Nimeapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba spiriti haitaingia tena katika gari langu, na kiapo hicho nitakitunza hadi kaburi.

Sasa amekwenda kuwaamkia majirani. Gesi si spiriti. Nimeuchukua mtungi wa gesi wa jikoni, nikaujaribu kwenye buti la gari. Umeenea sawasawa, kana kwamba ulizaliwa humo.