Msiba wa Mkanda wa Kivuko

Leo nimeaibika, jamani, na hata ninavyoandika hapa masikio bado yanawaka moto.

Mnaijua kazi yangu: natunza mikanda ya filamu za zamani kwenye hifadhi moja ndogo hapa Nyamagana. Ghala letu ni chumba kimoja chenye kiyoyozi, makopo ya bati yamepangwa kwenye rafu mpaka juu. Mtafiti anakuja, anaomba kopo, tunamwekea mkanda kwenye mashine, anatazama na kuandika yake.

Asubuhi akaja dada mmoja kutoka Nansio, anaitwa Pendo. Anaandika tasnifu kuhusu wauza samaki walioishi kwa kutegemea foleni ya kivuko pale Busisi, kabla ya daraja kujengwa. Amevuka ziwa kwa ajili ya mkanda mmoja tu wa kivuko hicho, na mkanda wenyewe hauna nakala popote. Boti ya kurudi ni saa nane mchana. Kesho anatakiwa mbele ya msimamizi wake.

"Kaka Shija, huu mkanda nimeuota mwezi mzima," akaniambia.

"Umefika, dada." (Kifua mbele. Ningejua!)

Nikafungua mlango wa ghala. Pua ikashtuka kabla yangu. Siki!

Kwa msiojua: mkanda wa zamani ukianza kuoza unanuka siki, na uozo wake unaambukiza. Kopo moja linaweza kuharibu rafu nzima. Nikanusa huku, nikanusa kule. Harufu ilikuwa kali kuliko kote kwenye rafu ya chini, palepale penye kopo la kivuko cha Busisi.

Nikatoka mbio. "Hakuna kuingia! Mkanda umekufa!"

"Umekufaje?" Pendo akasimama. "Si hata kopo hujalifungua?"

"Dada, harufu haidanganyi. Miaka sita niko kwenye kazi hii!"

Akakaa, machozi yanamlengalenga. Na mimi, badala ya kufungua kopo kama mtu mwenye akili, nikachukua simu. Nikaandika kwenye kundi letu la watunza filamu wa nchi nzima: "Kwa masikitiko makubwa, mkanda wa kivuko hatunao tena." Poleni zikamiminika. Mzee mmoja wa Dar, aliyenifundisha kazi hii, akapiga kabisa.

"Shija, jikaze baba."

Nikajikaza. (Nilitoa na kamasi kidogo.)

Halafu nikaanza kuhamisha makopo ya rafu ile, moja moja, kuyatenga chumba cha pili yasiambukizane. Saa mbili nzima! Mama Kabula, mkuu wetu, akarudi kutoka mkutanoni akanikuta nimelowa jasho.

"Shikamoo mama. Tumefiwa."

"Marahaba. Na nani tena?"

Nikamweleza. Akavaa glavu, akafungua kopo la kivuko, akanusa. Akanusa tena.

"Huu mzima, Shija. Mzima kabisa."

Akaingia ghalani. Rafu tupu, lakini harufu ipo! Akainama, akapitisha mkono nyuma ya rafu, akavuta mfuko wa rambo.

Mfuko ulikuwa wangu.

Jamani, jikoni kwetu hapa kazini kuna sisimizi. Asubuhi nilipofika nikaona ghalani kuna ubaridi, chakula changu kitakaa salama mpaka mchana. Wali, sato wa kukaanga, na kachumbari ambayo mke wangu huimwagia siki kama anazima moto. Kifuniko cha bakuli kilikuwa kimefunguka.

Mama Kabula hakupaza sauti. Bora angepaza. Alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye tangazo la mlangoni.

"Soma."

"Ni marufuku kabisa kuingiza chakula ghalani. Kosa hili halina msamaha."

"Nani kaandika?"

"Mimi, mama."

Pendo alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatazama saa, kicheko kikakatika. Alipanga kuutazama mkanda mara tatu, kusimamisha picha kwenye kila sura na kuandika. Akautazama mara moja tu, mbiombio, huku kalamu ikikimbizana na picha. Hapo ndipo nilipoumia kweli. Wale akina mama na beseni zao za samaki walikuwa wanacheka kwenye picha, wazima wa afya, na mimi nilishawatangazia msiba!

Akakusanya vitu vyake. Mlangoni akageuka.

"Kaka Shija, jina lako kamili? Nataka kuliweka kwenye tasnifu."

Nikalitaja herufi kwa herufi, meno yote nje. (Shukrani! Baada ya yote yale!) Nikachungulia daftari.

Ameniandika chini ya "Vikwazo vya Utafiti".

Msicheke, tafadhali. Mikanda huoza, lakini tasnifu huwa hazinuki siki; jina langu litakaa humo milele.