Mti wa Baba na Chai ya Wageni

Wasichana, leo nimejianika mchana peupe. Nitawaambia, lakini anayecheka namtoa kwenye grupu.

Mnamjua baba mwenye nyumba ninapofanya kazi, hapa mtaani Naseem, huku kwa Waarabu. Mwaka jana alienda na wenzake wa ofisini kupanda miti jangwani, maana siku hizi nchi nzima inapanda miti. Picha yake ameshika koleo iko sebuleni, kubwa kuliko televisheni. (Nani anaipangusa vumbi? Mimi.) Kurudi kumwagilia, hata siku moja.

Leo akaamua kuwapeleka wageni watatu wakauone mti wake. Nikabebwa mimi na birika. Na leo nilimtaka baba awe na roho safi, kwa sababu karatasi yangu ya likizo inangoja sahihi yake tangu Ramadhani. Miaka mitatu sijamwona mama.

Tukafika, tukatandika zulia. Kumbe kuni za dukani tumezisahau nyumbani.

"Kuni mafi, hakuna," baba akasema, uso umemshuka.

"Baba, mimi nimezaliwa kando ya msitu, Nyandarua. Siwezi kushindwa na kuni."

"Usikate mti. Ni faini."

Nikate wapi? Kwetu tunaokota kuni kavu, na kuni kavu ni za aliyeziona kwanza. Nikazunguka kilima. Nikakuta vijiti vimesimama kwa mstari, vikavu kabisa. Nikavuta kimoja, kikatoka na udongo wake. (Mwenye akili angejiuliza. Mimi nilimshukuru Mungu.) Nikang'oa vyote, nikafunga mzigo, nikarudi nao mgongoni.

Chai ikachemka. Wageni wakasifu ladha ya moshi, wakaomba tena.

"Yalla, tukauone mti," baba akasema.

Nyuma ya kilima palikuwa na mashimo kwa mstari, na kando ya shimo moja kibao chenye jina la baba.

"Uko wapi?" mgeni mmoja akauliza.

Baba akaniangalia. Akaangalia kikombe chake cha chai.

"Baba, ulikuwa umekauka," nikanong'ona. Nilijua likizo imekwenda.

Lakini akinigombeza mimi, wageni watamuuliza nani alikuwa akiumwagilia. Akakohoa.

"Ngamia," akawaambia. "Ngamia wa watu hawana adabu."

Wageni wakasikitika, wakawalaani ngamia mpaka wakachoka.

Kwenye gari akaniambia polepole, "Karatasi nitatia sahihi kesho. Na habari hii, halas, iishie hapa."

Nikaapa sitamwambia mtu. Kwa hivyo mkiulizwa, ni ngamia.