Kitanda Kilichozidi Sentimita Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Pigo. Tukiwa kwenye chai mke wangu ametangaza kwamba mama yake, ambaye amefanyiwa upasuaji wa goti, anaendelea vizuri, na Jumamosi ya wiki ijayo atakuja kukaa kwetu mpaka aweze kutembea bila fimbo. Nikasema karibu sana, mama ni mama. Nikaongeza sukari. Ndipo akasema atalala kile chumba kidogo.

Kile chumba kidogo! Mke wangu hukiita stoo. Mimi hukiita ofisi. Mna meza yangu kubwa ya mbao ngumu, niliyoiunda mwenyewe humohumo ndani, kipande kwa kipande, kwa gundi na misumari. Ilipokamilika ndipo nikagundua haipiti mlangoni. Haidhuru, sikuwa na nia ya kuitoa. Mna na kiti cha kuzunguka. Kila Jumapili baada ya kula huingia humo, hufunga mlango, hufikiri. Mke wangu anadai kufikiri kwangu husikika mpaka jikoni, na kwamba kwa watu wengine jina lake ni kukoroma.

Shemeji naye amepiga simu. Huyu ni kaka yake mke wangu. Kwake kuna ngazi, ndiyo maana mama haendi huko. Ila amejitolea kuja kutupangia chumba, kwa kuwa eti ana jicho la kupanga vitu. Ni mtu aliyebomoa jiko zima akaweka taa zinazowaka na kuzimika ukipiga makofi. Sasa kwake huwezi kuua mbu bila kuingia gizani. Nimemjibu kwa adabu kwamba macho hata mimi ninayo, tena mawili.

Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi

Mpango ni kitanda cha kukunja. Kinasimama ndani ya kabati, ukutani, na hakuna ajuaye kama ni kitanda. Jioni unakivuta, kinashuka, mama analala. Asubuhi unakisukuma, kinapanda, ofisi inarudi mahali pake. Chumba kimoja, watu wawili, amani tele. Niliona picha yake kwenye gazeti, kwa kinyozi.

Mke wangu nimemwambia tu kwamba namtengenezea mama kitanda cha kisasa. Akanishika bega, akasema kweli hakutegemea. Nilijisikia vizuri na vibaya kwa pamoja. Zaidi vizuri.

Nimekwenda kwa fundi seremala, mtu mpole mwenye penseli sikioni. Akasema atapita nyumbani kupima. Nikamwambia asijisumbue, mimi ni mtu wa vipimo, mwaka wa kumi na saba huu niko idara ya ramani. Sikuona haja ya kueleza kwamba niko masjala, na kwamba ramani zenyewe huziona zikiwa zimekunjwa. Nimepima mwenyewe kwa futi iliyokuwa kwenye droo ya jikoni. Nimepima mara mbili. Mara zote mbili jibu ni lilelile. Ndiyo maana ya utaalamu.

Jumamosi, 8 Machi

Rangi. Mke wangu alitaka nyeupe. Nyeupe ni rangi ya watu waliokata tamaa. Dukani nimechagua kwenye kadi: kijani laini, kama jani linalochipua. Ukutani imekataa ulaini. Ni kijani cha kasuku, na kasuku mwenyewe ana hasira. Nimempigia muuzaji. Akasema ikikauka itatulia.

Imekauka. Haijatulia.

Nyuma ya meza sikupaka. Meza haisogei, rola haifiki, na mgonjwa wa goti hawezi kuinama kuchungulia. Nimeizunguka kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayemnyoa bosi wake. Mke wangu amesimama mlangoni kitambo, akauliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo. Akasema haya. Ni neno fupi hilo, lakini likitoka kwa mke wangu huwa na vyumba vingi ndani yake.

Jumatano, 12 Machi

Kitanda kimefika. Mke wangu ni muuguzi na leo yuko zamu, kwa hiyo uwanja ulikuwa wangu. Kazini nimeomba ruhusa ya siku tatu.

Fundi na mwenzake wamelifunga kabati ukutani kwa skrubu ndefu. Likapendeza! Fundi akavuta mpini. Kitanda kikashuka taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeinama kusalimia. Kisha kikagonga mlango, kikakwama. Kikabaki hivyo, kimeinama nusu, kama aliyesahau jina la anayemsalimia.

Fundi akakirudisha, akakivuta tena. Kikagonga palepale. Akaniomba ile futi yangu. Akaivuta, akaisoma, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Kisha akaniuliza, kwa upole ulionichoma kuliko tusi:

"Mzee, hii futi yako inaanzia kumi na moja. Hizi kumi za mwanzo ziko wapi?"

Ziko kwenye bomba la sinki. Mwaka jana niliizibulia sinki, ikakatika, nikairudisha kwenye droo na kuyasahau yote. Sikumwambia hayo. Nilimwambia ukuta huvimba ukipakwa rangi. Mwenzake akatoka nje ghafla, nikamsikia akikohoa. Nadhani ni kukohoa.

Fundi akasema dawa ni moja: meza itoke. Ukuta wa dirishani ni mrefu, kitanda kitalala pale bila taabu na hakuna haja ya kukunja chochote. Nikamweleza kwamba meza haipiti mlangoni. Akajibu kwamba msumeno hupitisha kila kitu. Nikaenda kusimama mbele ya meza yangu.

Nikiwa pale wazo likanijia. Kitanda kinagonga mlango. Basi tatizo ni mlango.

Fundi ameniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara ya tatu ameniuliza akiwa ameshafungua bawaba. Mlango ukatoka. Kitanda kikashuka, kikapita katikati ya fremu kwa nafasi ya unene wa kidole, mwisho wake ukachungulia ukumbini sentimita kumi kamili. Ni kweli, ukitaka kuingia ni lazima upande kitandani. Lakini nikaona hiyo ni faida: mgonjwa wa goti kutembea kwa nini? Akifika mlangoni ameshafika kitandani.

Mlango nimeuficha nyuma ya kochi. Mahali pake nimetundika pazia zuri lenye maua.

Jumatano, jioni

Mke wangu amerudi. Akalifungua pazia, akaangalia, akalifunga. Akaenda sebuleni akakaa bila kuvua viatu. Nikamweleza faida zote, kuanzia ile ya goti. Akasubiri nimalize.

"Sisi tulikulia chumba kimoja," akasema. "Cherehani, wateja, mimi na kaka. Mama alibadilishia nguo nyuma ya pazia miaka ishirini. Safari hii nilitaka awe na mlango wa kufunga."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Halafu akaniuliza nitaingiaje chumbani kwa mkwe wangu asubuhi kutafuta kalamu. Hilo, kusema kweli, sikulifikiria. Nilikuwa nimefikiria yote kuanzia pale kitanda kinapopanda.

Nimekula peke yangu. Nimeosha vyombo vyote, hata vile visafi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia simu shemeji. Naliandika hili ili siku moja watu wajue nilivyojitoa: nimempigia mimi.

Amekuja na shati jeupe na kifaa kidogo kinachotoa nukta nyekundu. Unakielekeza ukutani, kinakusomea urefu. Hakihitaji futi, wala hakijawahi kuingia kwenye sinki. Amepima chumba. Amepima ukumbi. Amepima kitanda akasema "kumi" kwa sauti, akasema tena "kumi", kana kwamba kuna mtu aliuliza. Mwisho akatoa hukumu ileile ya fundi: meza itoke.

Nikapendekeza njia ya kiungwana zaidi, kwamba tuusogeze ukuta wa nyuma uingie bafuni sentimita kumi tu. Shemeji akasema ndani ya ukuta ule mnapita bomba kubwa la maji. Nikasema bomba nalo lina kona. Akauegemea ukuta, akafumba macho, ajipe nafasi ya kuzungumza na mimi kama ndugu.

Asubuhi nilikuwa nimeurudia ukuta ule kwa rangi. Mungu hamnyimi mja wake vyote. Shemeji ameondoka kwetu na mgongo wa kasuku, akatembea mtaa mzima mpaka kwenye gari lake, akiwaitikia watu salamu. Ningeweza kumwambia. Lakini mgeni humwaibishi.

Mke wangu bado ananijibu kwa neno moja moja.

Jumamosi, 15 Machi

Mama amefika saa moja kabla ya wakati, na shemeji ndiye aliyemleta. Kitanda kilikuwa chini, mguu wake ukumbini. Akaja polepole na fimbo yake, mama mwembamba, mnyoofu kama uzi, mpaka akafika kwenye lile pazia. Akasimama. Mke wangu akaangalia sakafu. Mimi nikaangalia dari. Shemeji akaangalia kifaa chake.

Mama akalisogeza pazia kwa ncha ya fimbo. Akaona kuta. Akaona kitanda. Akaona meza. Akauliza ni ya nani. Nikasema yangu. Akauliza naitumia kwa kazi gani. Nikasema ya kufikiri.

Akauliza, kwa upole kabisa, ni nini nilichofikiri hivi karibuni.

Nikanyoosha mkono tu, nikamwonyesha chumba chote.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika fremu isiyo na mlango. Mke wangu naye akaanza, akiwa ameziba mdomo, na hicho ndicho kicheko chake cha kwanza tangu Jumatano. Shemeji alitaka kucheka zaidi ya wote, lakini mama akamuuliza lile shati jeupe alilomtembelea nalo hospitalini jana limepona? Akarudi kwenye kifaa chake.

Kisha mama akakaa palepale ukumbini, kwenye zile sentimita kumi zangu, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "nimeshona nguo za watu miaka arobaini. Nguo ikimbana mtu, tunafumua nguo. Hatumkati mtu."

Akatoa chaki kwenye mkoba. Akaomba fundi aitwe. Fundi alifika upesi, nadhani alikuwa anasubiri. Mama akapiga mstari juu ya meza yangu, mmoja tu, bila futi, bila nukta nyekundu. Shemeji akapima kwa siri. Nusu kamili. Msumeno ukaanza. Mimi nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji ili nisisikie.

Kufikia saa kumi kitanda kilikuwa kimetolewa kwenye kabati lake, kimelala chini ya dirisha kama vitanda vya watu wengine. Kabati limekuwa la nguo. Nusu ya meza inangoja cherehani, ambayo shemeji ataileta kesho. Nusu nyingine fundi ameikata miguu, imekuwa benchi la ukumbini, mama apumzike akitoka bafuni. Pale meza iliposimama pamebaki ukuta mweupe wa zamani. Nikaahidi kupapaka. Mama akasema nipaache tafadhali, angalau jicho lina pa kukaa.

Mlango ukarudishwa kwenye bawaba zake. Mama akatushukuru mmoja mmoja, akaingia, akaufunga. Tukasikia ufunguo ukizunguka. Mara moja, kisha akaufungua, kisha akaufunga tena, kama mtu anayejaribu pete.

Mke wangu alibaki amesimama ukumbini anautazama ule mlango uliofungwa. Hakuna la kutazama kwenye mlango, lakini aliutazama. Kisha akanishika mkono na hakuuachia. Tulikaa kwenye benchi, ambalo ni meza yangu, mpaka mama alipoita kwamba anaweza kunywa chai sasa.

Jumapili, 16 Machi

Nimeyatafakari maneno ya mama kuhusu nguo kumbana mtu. Naona ni njia ya heshima ya kuniambia nimenenepa. Nitapunguza mkate.

Alhamisi, 20 Machi

Mama anatembea mpaka sebuleni na kurudi. Mke wangu anaimba akipika. Shemeji anawatangazia ndugu kwamba chumba kile alikipanga yeye. Sitabishana naye. Ila ukweli ni kwamba asingekuwapo mtu wa kwanza kusema kitanda, leo pasingekuwa na kitanda.

Naandika haya juu ya mashine ya kufulia, ndiyo sehemu pekee tambarare niliyobakiwa nayo. Inazunguka, kwa hiyo niwieni radhi kwa mwandiko. Hali hii haiwezi kuendelea. Mtu mwenye fikra anahitaji mahali.

Leo, nikianika shuka, nimekigundua kibaraza cha nyuma. Miaka yote hii! Kuta tatu ziko tayari. Iliyobaki ni kioo upande wa mbele, paa dogo, na mtu anakuwa na ofisi yenye hewa na mandhari. Itakuwa ndogo, ndiyo, kwa hiyo meza itakuwa ya kukunja. Nimelipima jambo hili kwa utulivu. Kosa la kitanda cha kukunja lilikuwa moja tu: kilikuwa kitanda.

Kuna suala la nguo zitaanikwa wapi. Nguo zitajijua.

Fundi wa vioo anakuja Jumanne, mke wangu akiwa zamu. Sijamwambia. Nataka aikute tu, afurahi.