Mguu wa Hemedi Mbele ya Daktari

Jumatatu, 2 Machi 1908
Daktari Mdachi kafika Miburani na masanduku saba! Atatibu wote, ila anataka na hesabu: katika wagonjwa mia wa kawaida, wangapi wana maradhi ya kichwa na mishipa ya fahamu? Atakayemwandikia majina ya wagonjwa vizuri atakuwa karani wake huko mjini Chole. Karani! Mimi, Mfaume! Tatizo ni Abeid, naye anajua kuandika. Herufi zake kama kaa aliyekanyagwa. Kila mmoja kapewa daftari.

Jumanne, 3 Machi
Mwanzo mbaya. Wanaoumwa kichwa tu. Kichwa, kichwa, kichwa! Wengine kizunguzungu, wengine ganzi ya vidole. Nani atashangaa kwa hayo? Nimewarudisha wote wakalale. Mke wangu Mize naye kalalamika nusu ya kichwa yampiga, mwanga wamchoma macho. Nikamwambia kichwa si ugonjwa. Kanitazama. Hakupika.

Jumatano, 4 Machi
Akili imenijia. Daktari nimpe maajabu! Shemeji yangu Hemedi kakubali kuwa na mguu uliokufa. Tumefanya mazoezi nyuma ya nyumba. Anauburuta vizuri mno, ila husahau ni upi. Nimemfunga uzi kwenye mguu wa kushoto.

Alhamisi, 5 Machi
Aibu! Daktari kamkalisha Hemedi mezani, kamgonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira. Mguu uliokufa ukaruka, ukampata daktari kidevuni. Miwani yake ndani ya ndoo!

"Huyu mzima," akasema daktari. "Nani kamleta?"

Hemedi, bila haya, akaninyooshea mguu uleule.

Hapo Abeid akafungua daftari lake. Kumbe wote niliowarudisha aliwasubiri kisimani! Ishirini na tisa katika mia, wengi kichwa tu. Daktari kafurahi sana. Hao hasa ndio aliowatafuta, kasema. Wako tele, na hakuna anayewasikiliza. Jina la kwanza: Mize. Kapewa dawa palepale.

Ijumaa, 6 Machi
Abeid kaondoka na daktari. Karani! Mize hajambo, anaimba, kapika kisamvu cha nazi. Nimemwomba radhi. Kasema radhi yake ni kusikilizwa mpaka amalize kusema. Nikaketi, nikasikiliza, wallahi, mpaka alipotaja kuwa mwezi ujao anakuja daktari wa macho. Hapo nikatoka mbio kwa Hemedi. Tumeshaanza mazoezi ya upofu. Kagonga minazi mitatu kwa asubuhi moja. Ana kipaji!