Baiskeli ya Kwenda Titicaca

Jumapili, 7 Juni 2015. Riverside, Buffalo

Tangazo kanisani! Wamarekani kumi na wawili, waumini wa kanisa rafiki kule Louisville, wanakwenda Amerika ya Kusini mwezi wa Septemba kuendesha baiskeli milimani. Siku kumi na nane, na kiongozi wa njia. Wanaanzia milima ya Peru, wanapita kando ya Ziwa Titicaca, wanavuka uwanda wa chumvi wa Bolivia, wanamalizia jangwa la Atacama. Na wanataka kwenda na mzee mmoja wa jamii yetu ya wakimbizi, bure kabisa. Anayependa azungumze na mkuu wa safari, Bwana Craig, atakayekuwepo Jumamosi kwenye sherehe ya mahari ya kijana wa kanisa lake, huko Westerville, pembeni ya Columbus.

Mzee mmoja. Ni nani kama si mimi? Nimefundisha jiografia miaka ishirini na sita katika milima ya juu ya Kivu Kusini. Nieleze kidogo. Shule yetu ilikuwa na ramani moja ya dunia, na mchwa walikuwa wameila kuanzia Patagonia hadi kusini mwa Peru. Kwa hiyo Titicaca nililichora mwenyewe kwa chaki, kila mwaka, kwa kukisia. Lilitoka kama haragwe lililoumwa na panya. Madarasa ishirini na sita yametoka pale yakiliamini haragwe langu. Watoto wangu wamejitolea kunionyesha ziwa lenyewe kwenye simu. Nimekataa. Ziwa la simu si ziwa. Nataka kusimama ukingoni mwake, mara moja tu, nijue kama niliwadanganya watoto wa watu.

Pasipoti ninayo tangu Aprili, haina muhuri hata mmoja. Nguvu ninazo. Kasoro ni moja: sijui kuendesha baiskeli. Kwetu njia zilikuwa za ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe mtu hutembea kwa miguu.

Nyiramahirwe, mke wangu, amecheka mpaka akakaa chini. Amesema, “Muzee, weye hata ngazi za nyumba unashukaka kinyumenyume.” Si kweli. Ni siku za barafu tu.

Jumanne, 9 Juni

Balaa. Sebagabo naye anaitaka nafasi hiyo. Sebagabo yule anayepeleka wafanyakazi kiwandani kwa gari lake, yule aliyeketi darasani mwangu miaka mitatu bila kujua Ikweta inapita wapi. Atakwenda Titicaca kufanya nini? Kuliuliza jina?

Lakini nina mpango. Kwetu, mtu mwenye heshima zake hajiombei kitu. Humtuma msemaji. Kwenye mahari ndivyo, kwenye kuomba ng'ombe ndivyo. Msemaji husimama, humsifu aliyemtuma hadi mbinguni, na yule mwenye haja huketi kimya akitazama chini kama bibi harusi. Ni adabu nzuri sana. Na msemaji bora kuliko wote katika nchi hii ni Marcellin wa Louisville, ambaye Jumamosi ndiye atakayesema upande wa bwana harusi. Nimempigia simu. Amesema, akichanganya na Kifaransa chake, “Mwalimu, donc, hiyo baiskeli unaijua kweli?” Nimemjibu kwamba kanuni zake zote ninazijua. Amesema, “Bon, inatosha.”

Jumamosi, 13 Juni. Westerville

Ushindi!

Sebagabo ndiye aliyetuleta na gari lake, mwendo wa saa tano. Sikuzungumza naye ila kumweleza Ziwa Erie lilivyochimbwa na barafu. Alipandisha sauti ya redio.

Baada ya mahari kukubaliwa na soda kugawanywa, Marcellin alimwendea Bwana Craig. Mrefu huyu Craig, mwembamba, ndevu nyekundu, daftari mkononi. Mimi nikaketi kimya nikitazama chini. Marcellin akafungua kinywa. Akasema mbele yao ameketi mtu aliyezaliwa ameshika usukani wa baiskeli. Akasema nilikuwa nikipandisha magunia mawili ya maharage kutoka ziwani hadi juu milimani, kutwa moja, bila kushuka. Akasema chui alinifukuza akachoka, akaketi njiani akinipungia mkono. Akasema baiskeli ikiniona hujisimamia yenyewe.

Wazee wote walitikisa vichwa kwa raha. Kila mmoja wao anajua kupunguza. Ukisikia magunia mawili, unaelewa mfuko. Ukisikia chui, unaelewa paka, au hakuna mnyama kabisa.

Aliyetafsiri ni Caritas, jirani yetu, anayetunza wazee katika nyumba moja ya huko Kenmore. Kazini wamemfundisha kuripoti kila kitu kama kilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Hata mkono wa chui ameutafsiri, na kuupunga akaupunga.

Bwana Craig hakupunguza kitu. Aliandika. Macho yalimtoka. Akasema alikuwa na mpango mwingine kabisa juu ya mzee wa kwenda naye, lakini kwa hali hii ameubadilisha. Ameniandika kundi la mbele, pamoja na mabingwa! Sikumuuliza mpango wa kwanza ulikuwa upi. Mtu akipewa ng'ombe haulizi habari za mbuzi.

Kisha aibu. Sebagabo akamwendea Craig mwenyewe, bila msemaji, kama mtu anayeagiza chai. Akamwambia kwa Kiingereza chake cha kiwandani kwamba baiskeli anaiogopa, magoti yake ni mabovu, ila kwenye gari anaweza kukaa na kupika anaweza. Mbele za watu! Wazee waliangalia pembeni kwa kumhurumia. Craig alicheka, akaandika na jina lake. Sijui kwa nini. Huruma, bila shaka.

Jaribio la waendeshaji wote ni Jumamosi ijayo, kwenye vilima vya Louisville. Nina siku saba. Mungu aliumba zaidi ya baiskeli kwa siku sita.

Jumatatu, 15 Juni

Nimeazima baiskeli ya Caritas. Ya waridi, yenye kikapu mbele. Nimeipeleka kwenye njia ya kando ya mto Niagara saa kumi na mbili asubuhi, kusiwe na watu.

Kanuni ni rahisi. Kitu kinachokwenda hakianguki, kinachosimama huanguka. Kwa hiyo dawa ni kwenda. Nilimweleza hivyo Caritas, aliyekuwa ameshika kiti nyuma. Nilipokuwa katikati ya maelezo, aliachia. Alisema baadaye alidhani nimemaliza.

Nilikwenda. Kweli nilikwenda! Hatua kama ishirini. Mbele yangu wakaketi mabata bukini, kundi zima, katikati ya njia. Sikuwa nimefika kwenye somo la breki. Bata mmoja ameniuma goti. Mabata ya nchi hii hayana hofu ya mzee.

Nyiramahirwe amenikanda kwa maji ya moto. Ameuliza kwa nini nisimpigie Mzungu simu nimwambie kweli. Nimemweleza kwamba kukanusha maneno ya msemaji ni kumwaibisha Marcellin, na nyumba nzima ya bwana harusi, na mahari yenyewe inaweza kutiliwa shaka. Amesema, “Kumbe ni kwa ajili ya bibi harusi ndiyo unaanguka.” Mwanamke huyu hakusoma mantiki.

Jumatano, 17 Juni. Kenmore

Mbinu mpya. Riverside kuna mabata na watu wa kanisa. Nimehamia Kenmore, kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya duka lililofungwa. Hakuna anayenijua Kenmore.

Nimeendesha duara zima. Duara! Kushoto tu. Kulia bado kunakataa. Nikigeuza kulia, baiskeli inakwenda kulia na mimi ninabaki. Nikajiambia: Andes zote hupandwa kwa kona, na kona za kushoto zitakuwa nusu. Nusu si haba.

Mara honi. Gari la Sebagabo, limejaa wafanyakazi wa zamu ya mchana. Kumbe hukatiza hapo kila siku! Mimi chini, gurudumu juu linazunguka, kikapu kichwani. Akateremsha kioo, akapiga kelele, “Mwalimu! Unaendesha kinga ao unalima?” Kinga, ndivyo wengi huko kwetu tunavyoiita baiskeli. Gari zima likacheka. Mwanamke mmoja nyuma akauliza kama nimeshapanda mbegu.

Nikawajibu kwamba mabingwa hujifunza kuanguka kwanza, ili mwili uzoee. Sebagabo akasema basi mimi nimezoea vizuri, nisiongeze.

Leo hata usingizi wangu wa mchana sikuupata.

Jumamosi, 20 Juni. Louisville

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa.

Msitu mzuri, vilima, njia nyembamba za udongo mwekundu. Waendeshaji kumi na wawili wenye kaptula za kubana. Craig akawatangazia kwamba mimi ndiye yule wa magunia na chui. Wakapiga makofi! Mmoja aliomba kupiga picha nami. Marcellin naye alikuwepo, amevaa suti, akiitikia kwa kichwa kama mzazi.

Wakanipa baiskeli yenye gia ishirini na kitu. Haina kikapu. Craig akasema nitangulie, niwaonyeshe mwendo wa milimani.

Njia ilikuwa inateremka. Hapo nilifurahi, kwa sababu kitu kinachoteremka hakihitaji kukanyagiwa pedeli. Nikaachia breki. Nikaenda! Sijawahi kwenda hivyo maishani. Miti ikapita. Nyuma nikasikia mtu akisema kwa mshangao kwamba mzee hashiki breki kabisa. Kwa muda mfupi, nasema kweli ya Mungu, niliiona Peru.

Kisha njia ikakata kulia.

Mimi nilinyooka. Kichaka, kingine, halafu kijito. Maji ya baridi, mawe mengi. Baiskeli ilibaki juu ya mti mdogo. Craig alinifikia wa kwanza. Nikamweleza, nikiwa bado nimekaa majini, kwamba kwetu njia hunyooka na mlima ndio unaopinda. Aliuliza kwa upole kama nimewahi kuendesha baiskeli kabla ya mwezi huu.

Nikamtazama Marcellin kule juu. Marcellin akatazama suti yake.

Nikasema hapana.

Craig akaketi kwenye jiwe. Akasema, bila hasira, jambo ambalo ningependa asingelisema. Tangu mwanzo hawakutaka mwendesha baiskeli. Waendeshaji wanao. Walitaka mzee aliyekulia milimani apande gari la mizigo linalofuata nyuma, na jioni awaeleze walichokiona mchana: mawe, mawingu, kwa nini upande huu ni mkavu na ule mbichi. Mwalimu wa jiografia, alisema, angekuwa zawadi. Hakuna aliyemwambia kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia. Kati ya maneno yote ya Marcellin, hilo halikuwemo!

Na kiti cha gari? Amempa Sebagabo. Sebagabo aliomba.

Jumapili, 21 Juni. Njiani

Mwendo wa saa tisa ndani ya gari la Sebagabo, maana ndiye aliyenipeleka. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Karibu na Cincinnati aliniuliza taratibu, “Mwalimu, hiyo Titicaca niiangalie namna gani nikifika?” Nikamwambia ni ziwa la juu sana, mita elfu tatu mia nane na kumi na mbili, na hewa yake ni nyembamba, asikimbie. Akaniomba nimchoree. Nilichukua bahasha, nikachora kwa mkono wa kushoto. Haragwe lilelile.

Akasema ataniletea majibu, kama linafanana.

Niligeuka dirishani. Ohio ni tambarare mno, haina cha kuelezwa.

Alhamisi, 2 Julai. Riverside

Mungu yupo!

Sebagabo hawezi kwenda. Bado si raia, na hati yake ya kusafiria haitatoka kabla ya Novemba. Kulipokucha alikuja mwenyewe kunipa habari, kofia mkononi. Alikuwa na huzuni, nami nilijitahidi kuwa nayo. Alisema ameshampigia Craig na kumwambia, “Mpeleke Mwalimu wangu, huyo anajua maziwa.” Nilimwambia Ikweta inapita wapi.

Saa nne simu. Craig! Akasema kiti cha gari ni changu nikikitaka. Hakuna baiskeli, wala sitaigusa. Kazi yangu ni kukaa, kutazama na kueleza. Siku mbili kamili kando ya Titicaca! Nyiramahirwe alikuwa amesimama mlangoni, amenishika bega, akininong'oneza niseme ndiyo, neno moja tu, kisha nikate simu.

Nimepata somo langu, na ninaliandika hapa ili lisipotee: kosa lote lilikuwa kumtumia msemaji. Tangu leo mimi, Rurangwa, ninajisemea mwenyewe. Nikamwambia Craig ndiyo, kwa Kiingereza kizuri.

Akafurahi. Akauliza jambo moja dogo, na akasema kabisa kwamba si lazima. Dereva wa kule ni mmoja tu, na uwanda wa chumvi ni mrefu, tambarare, hauna hata kona moja. Je, mimi huendesha gari? Kama siendeshi hakuna shida, watamtafuta kijana wa Bolivia.

Nikawaza wale kumi na wawili, waliokuwa wamenipigia makofi.

Nikamwambia nimeendesha lori la misheni miaka kumi na moja, milimani, usiku na mvua, na kwamba halijawahi kukwaruzwa.

Mkono wa Nyiramahirwe ulitoka begani. Ameingia jikoni.

Amefurahi Craig! Ameniandika dereva wa pili. Anataka nakala ya leseni kufikia tarehe ishirini.

Gari sijawahi kuliendesha. Ila nimelifikiria vizuri mchana huu, nalo ni jepesi kuliko nilivyodhani. Lina magurudumu manne. Kitu chenye magurudumu manne hakiwezi kuanguka. Kesho asubuhi ninaanza, Kenmore, na gari la Caritas. Bado sijamwambia Caritas.